Kuhesabu Gharama: Somo juu ya Kazi ya Mkadiriaji Majenzi



Kila anayepita barabara ya juu huliona jumba letu la mikutano, na wengi huuliza kwa nini lilikaa misimu minne ya mvua bila paa. Kuta zilikuwa zimesimama, lenta imefungwa, madirisha yako wazi, na mbuzi wa majirani walijipatia kivuli humo. Watu wa mtaa walichoka kutoa. Sahani ya mchango wa jengo ilipopitishwa Jumapili ilirudi nyepesi, wala hatukuweza kuwalaumu, maana walikuwa wametoa mara ya kwanza wakaambiwa fedha zimetosha, wakatoa mara ya pili wakaambiwa bado kidogo, na mara ya tatu hapakuwa na mtu wa kuwaambia kiasi kilichobaki. Hata sisi wa halmashauri hatukukijua.

Hatusemi haya ili kumwaibisha mtu yeyote. Twayasema kwa sababu kutokana na jumba hilo tulijifunza habari za kazi moja ambayo vijana wetu wengi hawaijui, nayo ni kazi ya mkadiriaji majenzi. Wazazi hutuuliza mara kwa mara, mtoto aliyemaliza kidato cha nne na anayependa hesabu aende wapi. Wengi hutaja ualimu, uuguzi, au ukarani wa benki. Hii haitajwi. Basi toleo hili tumelitenga kwa somo la kazi hiyo. Shikeni kalamu na karatasi, maana tutapiga hesabu.

Kwanza tueleze tulivyokosea. Tulipotaka kujenga, tulikwenda mtaa wa jirani, tukaona jumba lao zuri, tukauliza liligharimu shilingi ngapi. Wakatuambia. Tukaona letu litakuwa dogo kuliko lao kwa robo hivi, tukapunguza robo ya fedha, tukarudi nyumbani tumefurahi. Hayo ndiyo yalikuwa makadirio yetu. Hatukufikiri kwamba jirani zetu wanakaa karibu na mto, na mchanga wao waliuchota wenyewe kwa matoroli, akina mama na vijana wa kwaya, Jumamosi baada ya Jumamosi. Sisi tuko kilimani, na kila punje ya mchanga hupanda kwa lori. Maji pia tulinunua. Hatukufikiri vilevile kwamba wao walijenga miaka minne kabla yetu, na bei ya saruji na nondo haikutungoja.

Mwinjili Luka, katika sura ya 14, anaeleza mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mfano huo tumeusoma mara nyingi kanisani, tukaueleza kwa habari za roho, na ni sawa kabisa. Lakini tuliusahau upande wake wa saruji. Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala, na kejeli za wapita njia mbele ya jengo lisilokwisha huenda alizisikia kwa masikio yake.

Sasa tuseme mkadiriaji ni nani. Mbunifu majengo huchora nyumba itakavyokuwa. Mhandisi huhakikisha kwamba haitaanguka. Mkandarasi na mafundi wake huijenga. Mkadiriaji majenzi ndiye anayechukua michoro ile na kuivunja vipande vipande kwenye karatasi, kila ukuta, kila mlango, kila mita ya bomba, akapima kiasi chake, kisha akaweka bei. Kazi hii ni ya zamani kidogo huko Uingereza. Baada ya moto mkubwa ulioiteketeza London mwaka 1666, nyumba nyingi zilijengwa upya kwa haraka, na watu wa kupima kazi za mafundi walihitajiwa sana. Zamani hizo walipima baada ya jengo kwisha, ili fundi ajue adai kiasi gani. Baadaye ikaonekana ni busara zaidi kupima kabla, kutoka kwenye michoro, ili makandarasi wote wanaotaka kazi watoe bei zao juu ya orodha moja. Mwaka 1922 kanuni za upimaji zilichapishwa huko kwa mara ya kwanza, ili kila mpimaji apime kwa namna moja, na mita ya ukuta ya huyu isiwe tofauti na ya yule.

Orodha hiyo watu wa kazi huiita kwa herufi tatu, BOQ. Ukiisikia ikitajwa kwenye kikao, usiogope. Ni daftari tu lenye mistari. Mstari wa kwanza unaeleza kazi, kwa mfano kuchimba msingi, halafu kipimo, halafu bei ya kipimo kimoja, halafu jumla. Inaweza kuwa na kurasa tano kwa nyumba ndogo na mamia kwa hospitali.

Na tupime sasa jumba letu lenyewe. Kwa nje lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 6.8. Ukuta una unene wa sentimita 15. Kimo chake ni mita 3, bila kuhesabu lenta. Tunataka kujua matofali ya saruji mangapi.

Mtu wa kawaida atazunguka nyumba kwa nje, apate mita 37.6, aseme huo ndio urefu wa ukuta. Amekosea kidogo, kwa sababu kila pembe ameihesabu mara mbili. Mkadiriaji hutembea, kwa mawazo yake, katikati ya unene wa ukuta. Kwa njia hiyo hupunguza unene mmoja kwa kila pembe, yaani mara nne sentimita 15, ambazo ni sentimita 60. Abaki na mita 37 kamili. Zidisha kwa kimo cha mita 3, tupate mita za mraba 111.

Bado hatujamaliza. Kwenye vichwa viwili vya jumba, ukuta unaendelea kupanda juu mpaka kwenye mgongo wa paa, ukifanya umbo la pembetatu. Kwetu kila pembetatu ina msingi wa mita 6.8 na kimo cha mita 2.55. Zidisha, ugawe kwa mbili, upate mita za mraba 8.67, na kwa vichwa viwili ni 17.34. Jumla sasa ni 128.34. Kisha toa matundu. Milango miwili yenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.1 huondoa mita za mraba 6.30. Madirisha manane ya mita 1.2 kwa mita 1.2 huondoa 11.52. Ukitoa yote, unabaki na mita za mraba 110.52.

Hapa kuna jambo la kuchekesha. Mzee aliyetuhesabia mara ya kwanza alisahau zile pembetatu, na alisahau vilevile kutoa milango na madirisha. Akapata 111. Makosa mawili yalikutana njiani yakafutana, na matofali yalitosha! Kwa hiyo tukamwamini katika kila kitu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tofali letu lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 22 na nusu. Ukiongeza saruji ya kuungia, mita moja ya mraba huchukua matofali tisa na kitu. Mafundi husema kumi, na kumi si vibaya, maana mengine yatavunjika kwenye lori na mengine yatakatwa pembeni. Basi tunahitaji matofali kama 1,110. Angalieni nguvu ya namba hii. Ikiwa bei ya tofali moja itapanda shilingi 200 tu kati ya siku ya kikao na siku ya kununua, ukuta wetu umepanda shilingi 222,000, na hakuna mtu aliyeiba chochote. Mhazini wetu aliwahi kusengenywa kwa jambo la namna hiyo. Tunamwomba radhi hapa.

Sasa tuje kwenye paa, palipotushinda. Mzee wetu alipima sakafu, mita 12 kwa 6.8, akapata mita za mraba 81.6, akasema ndilo eneo la bati. Lakini paa halilali kama mkeka. Kwanza hutoka nje ya ukuta ili mvua isipige kuta. Kwetu hutoka sentimita 60 kila upande, kwa hiyo upana wa kufunika ni mita 8 na urefu ni mita 13.2. Pili, paa limeinama. Kutoka ukingoni mpaka usawa wa mgongo ni mita 4 ukipima chini kwa chini, na linapanda mita 3. Fundi seremala yeyote anajua tatu, nne, tano, kwa sababu ndizo namba anazotumia kuhakikisha kwamba pembe ya nyumba imenyooka. Mteremko wa paa letu, basi, ni mita 5 wala si 4. Pande mbili za mita 5, kwa urefu wa mita 13.2, ni mita za mraba 132.

Fedha zilitengwa kwa 81.6. Paa lilihitaji 132. Zaidi ya theluthi moja ya bati haikuwamo katika hesabu, na bado hatujasema kwamba bati hupandana ubavuni na kichwani, kwa hiyo eneo linalofunikwa ni dogo kuliko bati lenyewe. Kenchi na papi nazo zilihesabiwa kwa mtindo ule ule. Mbao chache tulizokuwa tumenunua mapema tuliziweka chini nyuma ya nyumba ya Padre, na mchwa wakafanya sikukuu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa mapema, nasi twapenda kuyaeleza kwa kuwa kila mwenye nyumba hupotezewa fedha hapo.

La kwanza ni zege. Jamvi la jumba letu, kwa ndani, ni mita 11.7 kwa 6.5, yaani mita za mraba 76.05. Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 7.6. Watu wengi huagiza kokoto, mchanga na saruji ambavyo vikijumlishwa vinafika 7.6, na siku ya kumwaga jamvi wanakuta pembe moja haikufikiwa. Sababu yake ni nyepesi. Mchanga huingia katikati ya kokoto, na saruji huingia katikati ya mchanga, kama vile dengu zikimiminwa kwenye debe la maboga. Kwa hiyo vitu vikavu lazima vizidi zege kwa nusu yake hivi. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo ya zege huhitaji mifuko ya saruji ya kilo 50 sita na zaidi kidogo, na mchanga mita 0.44, na kokoto mita 0.88. Jamvi letu lilihitaji mifuko 48 hivi. Udongo unaochimbwa nao hufanya kinyume chake: ukitoka shimoni hufura, na anayehesabu malori ya kuuondoa kwa kupima shimo atalipia lori ambalo hakulitegemea.

La pili ni tripu. Ndugu, tripu si kipimo! Malori hayana kimo kimoja wala upana mmoja, na dereva mwingine husawazisha mchanga vizuri kwa juu ilhali chini umelegea. Kijana wetu, ambaye habari zake zinafuata, hubeba futi kamba mfukoni, na lori likifika hupanda kwanza apime ndani ya bodi, urefu, upana na kimo. Madereva hawampendi sana.

Kijana huyo alizaliwa hapa mtaani, na hatutamtaja jina kwa kuwa amekataa. Alipomaliza kidato cha nne alama zake hazikuwa za kujivunia, isipokuwa hesabu. Alikuwa kibarua wa fundi mwashi kwa mwaka mmoja na zaidi, akichanganya udongo na kubeba matofali. Kisha akaenda chuo cha VETA kusomea uashi. Alipotoka, mkandarasi mmoja alimwajiri kutunza stoo, na humo ndimo alimojifunza bei, maana kila mfuko ulioingia na kutoka aliuandika. Mkadiriaji wa kampuni ile alikuja kila mwezi kupima kazi iliyofanyika. Kijana akamwomba amshikie ncha ya futi. Kutoka kushika ncha ya futi akaanza kuandika vipimo, na kutoka kuandika vipimo akapewa moyo wa kurudi shule kusoma stashahada. Leo anafanya kazi chini ya mkadiriaji aliyesajiliwa.

Hiyo ni njia moja, nayo ni ndefu. Njia iliyonyooka ni kufaulu vizuri sekondari, hasa hisabati, na kwenda chuo kikuu. Hapa Tanzania mahali panapojulikana zaidi kwa somo hili ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambako shahada ya uchumi wa majenzi huchukua miaka minne. Chuo hicho kilianza mwaka 1956 kama shule ndogo ya wapima ardhi, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Wazee wengi bado hukiita Ardhi Institute. Baada ya shahada mtu bado hajawa mkadiriaji kamili. Hufanya kazi chini ya aliyemtangulia, kisha hupimwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita kwa jina hilo mbele ya umma. Wazazi, msiache kuuliza habari hiyo mnapotaka kumlipa mtu fedha nyingi za makadirio.

Siku hizi kompyuta imerahisisha mengi. Hesabu zilizokuwa zikichukua wiki hufanywa kwa siku moja, na kuna programu zinazopima mchoro zenyewe. Lakini kompyuta haikupanda kilima chetu kuona lori likikwama. Mkadiriaji hana budi kufika mahali pa kazi, aone maji yako wapi, barabara ikoje, udongo ni wa aina gani, mafundi watalala wapi. Mengi ya hayo huwekwa mwanzoni mwa orodha kama gharama za awali: mlinzi, stoo, choo cha mafundi, maji, ubao wa jina la kazi. Sisi hatukuyaweka kabisa, tukadhani Mungu atatoa mlinzi. Na kabla ya kufunga hesabu huongezwa fungu la dharura, kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 kwa kila 100, kwa yale yasiyoonekana. Wajumbe wa vikao hupenda sana kulifuta fungu hili ili jumla ipendeze. Kufanya hivyo ni kujidanganya. Na hata lililokadiriwa vizuri huhitaji jicho, maana hata huko Unguja wenyeji huwasimulia wageni kwamba nguzo za Kanisa Kuu la Mkunazini zilisimamishwa juu chini wakati Askofu Steere alipokuwa hayupo.

Tunarudi kwa jumba letu. Kijana alipokuja likizo tulimwomba apime kilichobaki. Akapima siku mbili, akakaa usiku, akaja kwenye halmashauri na karatasi zake. Jumla aliyoitaja ilizidi ile tuliyoitarajia kwa zaidi ya mara mbili. Chumba kilinyamaza. Kisha mjumbe mmoja, mtu mwema na mtoaji mkubwa, akasema kwa upole, "Mwanangu, tukiitangaza namba hii watu watakata tamaa. Tupunguzie kidogo. Tukishaanza, Bwana atatupatia." Wengi wetu tuliitikia kwa vichwa. Tukiri kwamba nasi tulikuwa miongoni mwao.

Kijana akajibu, "Shikamoo mzee wangu. Namba naweza kuipunguza sasa hivi, kalamu ninayo. Paa siwezi kulipunguza. Mkitaka lipungue, niambieni tuache nini."

Hapo ndipo tulipoelewa kazi yake. Hakuja kutukataza. Alitupa karatasi ya pili, ameandika mambo yanayoweza kuahirishwa na fedha ambayo kila moja lingeokoa: dari, lipu ya nje, vioo vya madirisha, rangi, na sakafu ya nakshi iliyopendekezwa na kamati. Vile vile alionyesha kwamba tukipaua kwanza tukaacha mengine yote, jumba litatumika, na kuta hazitaendelea kulowa. Tuligombana hadi saa nne usiku juu ya dari. Umoja wa Akina Mama walitaka dari. Dari ikaahirishwa.

Jumapili iliyofuata Padre aliisoma namba nzima kanisani, bila kuificha, pamoja na mambo tuliyoyaacha. Karatasi ikabandikwa mlangoni, bati ngapi, mbao ngapi, misumari kilo ngapi. Watu waliisoma kwa kidole. Mama mmoja muuza samaki alisema yeye atanunua bati mbili, akataka jina lake liandikwe mbele ya mstari ule. Wengine wakafuata. Twaamini walitoa kwa sababu sasa waliona mwisho wa jambo. Katika 2 Wafalme sura ya 12 tunasoma jinsi Mfalme Yoashi na kuhani walivyoweka sanduku lenye tundu, fedha ikahesabiwa na kulipwa kwa maseremala na waashi. Imeandikwa pia kwamba watu waliokabidhiwa fedha ya kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Sisi tuliamua kudai hesabu, na mafundi wetu waaminifu hawakukasirika.

Neno moja kwa kijana anayeitamani kazi hii. Utajaribiwa. Kila mwezi utapima kazi ya mkandarasi ili alipwe, na sahihi yako ndiyo itakayofungua fedha. Mtu atakuletea bahasha ili mita 90 za bomba ziandikwe 120, na bomba likishafukiwa nani atalichimbua? Mwenye jengo naye atakushawishi umpunje fundi, useme kazi haijafika. Utakuwa katikati, na pande zote mbili zitakununia kwa zamu. Anayependa kupendwa na kila mtu atafute kazi nyingine.

Jumba lilipauliwa kabla ya masika. Bati zilizobaki zilikuwa nne, nazo zimefunika jiko la nyuma.

Kwa wale wanaotaka kujijaribu, na hasa darasa la Kipaimara ambao mwalimu wao ameomba zoezi, tunatoa hesabu hii. Chumba kimoja, kwa nje ni mita 4 kwa mita 3.5, ukuta wa sentimita 15, kimo mita 2.7, paa lake ni la mteremko mmoja mdogo kwa hiyo msihesabu pembetatu. Kina mlango mmoja wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha moja la mita 1.2 kwa 1.2. Tafuteni matofali, kumi kwa kila mita ya mraba. Aliyepata 356 amepima vizuri. Aliyepata 372 amehesabu pembe mara mbili. Aliyepata 389 amejenga chumba kisicho na mlango.